Kitanda cha kuchua cha timu ya mchangani: shajara ya mradi, Tanga

Nimekuwa mchua misuli wa timu yetu ya mtaa hapa Ngamiani tangu goti liliponitoa uwanjani nikiwa beki wa kulia. Hadi mwaka jana kazi yenyewe ilikuwa ndoo ya maji, chupa ya dawa inayowaka, na mbio. Mchezaji akianguka unakimbia, unammwagia maji, unampaka, unamwambia "amka mdogo wangu", anaamka. Desemba 2024 kocha akaniomba tutengeneze kitu cha maana zaidi. Timu mbili za jirani zimeshaniuliza tunafanyaje, kwa hiyo naandika kila hatua inapokwisha, pamoja na nilipoboronga.

Wachezaji nawataja kwa namba za jezi. Mimi si daktari, ingawa wao wananiita Dokta. Nilifundishwa kwa wiki sita na fizio mmoja, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, aliyesomea Moshi, na nikikwama ndiye ninayempigia simu.

11 Januari 2025: Kuhesabu kwanza

Kabla ya kununua hata taulo nilikaa na kocha na nahodha tukakumbuka msimu wa Agosti hadi Desemba. Tulihesabu majeraha yaliyomweka mtu nje walau wiki moja au mechi moja. Yalifika 14 kwa kikosi cha watu 24: nyama za paja 5, vifundo vya mguu 4, nyonga 2, goti 1, kigimbi 1, na kidole cha kipa.

Idadi tuliitarajia. Kilichonikalisha kimya ni kwamba katika yale matano ya nyama za paja, matatu ni ya mtu mmoja, namba 7. Anaumia, anapumzika, anarudi, anajitonesha. Mara zote tatu nilimchua mimi, na mara zote tatu nilisema yuko sawa.

Nimenunua daftari kubwa, Sh 1,500. Kila mstari una tarehe, namba, sehemu iliyoumia, aliumiaje, nilifanya nini, alirudi lini. Hata mchango usingepatikana ningeanza na hili. Mchango umepatikana: Sh 310,000, karibu nusu yake kutoka kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye mwanawe anacheza namba 4.

25 Januari: Kitanda

Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Imechukua wiki mbili.

Kwanza kimo. Fundi seremala alikipa sentimita 90, kama meza ya kupigia pasi, nami sikumkataza kwa sababu kilionekana kizuri. Kumbe kuchua kunataka uegemeze uzito wa mwili wako. Kitanda kikiwa juu unabaki kusukuma kwa vidole na mabega tu. Baada ya wachezaji watatu wa kuchuliwa nilikuwa mimi. Kipimo alichonipa fizio: simama wima kando ya kitanda, mkono uning'inie, kunja ngumi, ngumi iguse juu ya kitanda. Kwangu ni sentimita 72. Tukakata miguu. Mmoja ukakatwa zaidi, tukaipunguza mitatu mingine, kisha ukaonekana wa nne umezidi. Kimeishia 69 na nimekiacha hivyo hivyo kabla hakijawa mkeka.

Pili, tundu la uso. Fundi alicheka: "Dokta, kitanda chenye tundu ni cha mgonjwa wa kipindupindu." Nikamweleza kwamba mtu akilala kifudifudi bila tundu anageuza shingo upande mmoja kwa nusu saa na anaamka na ugonjwa mpya. Akatoboa duara la sentimita 15, pua za watu zikabanwa. La sasa ni la umbo la yai, urefu 26 kwa upana 14, pembeni limezungushiwa sponji.

Tatu, sponji. Nilinunua ya makochi, inchi 4, laini ajabu. Mtu anazama na nguvu yote ya mkono inamezwa na sponji. Nimeibadilisha kwa sponji ngumu ya inchi 2. Ile laini sasa ni godoro la paka wa fundi.

Gharama: mbao 62,000, plaiwudi 28,000, sponji iliyoharibika 18,000, sponji ya pili 30,000, ngozi ya bandia mita tatu 21,000, bolti, gundi na misumari 9,000, fundi 35,000. Jumla Sh 203,000. Ukifuata vipimo vyangu utaokoa ile 18,000 na siku kama tano. Urefu ni sentimita 185, upana 65. Usizidishe upana, utashindwa kumfikia mtu wa upande wa pili bila kupinda mgongo.

Taulo nane za mitumba, 20,000. Mafuta ya nazi lita mbili, 20,000.

1 Februari: Dawa inayowaka nimeifungia

Malalamiko ni mengi. Mchezaji akisikia moto kwenye ngozi anaamini anapona, na moto huo unafunika maumivu ambayo mimi nayahitaji ili nijue tatizo liko wapi. Namba 5 alijipaka mwenyewe nyumbani, akafunga juu yake taulo iliyochovywa maji ya moto. Ametoka malengelenge kigimbi kizima. Kuanzia leo ni mafuta ya nazi tu, kijiko kimoja cha chai kwa mguu mmoja. Ukizidisha mkono unateleza juu ya msuli bila kuusikia.

Utaratibu wa kawaida sitaueleza sana: kupitisha viganja kwa urefu kuelekea juu, kukamua msuli kama unga wa maandazi, kisha dole gumba kwenye sehemu iliyokaza, dakika kumi kwa mguu. Siku ya mechi ni dakika tatu za haraka, kwa sababu mchezaji aliyelainishwa kupita kiasi anaingia uwanjani na usingizi.

8 Februari: Paja la namba 11

Hili ni kosa kubwa na nalipa nafasi yake.

Jumatano jioni beki wa timu pinzani alimpiga namba 11 goti la paja, mbele, katikati kabisa. Akachechemea, akamaliza mechi. Alipofika kwenye kitanda akaniambia, "Dokta, damu imevilia, itoe." Neno hilo mtaani tunalo tangu utotoni: damu ikivilia inachuliwa mpaka itawanyike. Nikaegemea kiwiko. Dakika ishirini. Alilia, watu wakamshikilia, kila mtu akaona kazi imefanyika.

Asubuhi paja lilikuwa limevimba kama mhogo wa mwaka mzima, na goti halikunji hata kufikia pembe ya meza. Nikapiga simu. Fizio aliuliza maswali mawili, akanyamaza, kisha akanieleza polepole kama anavyoelezwa mtu mwenye kosa. Msuli ukigongwa hivyo kwenye mfupa, mishipa midogo inapasuka na kuvuja kwa saa nyingi. Mwili unajaribu kuiziba. Mimi nikaja na kiwiko nikaifungua upya. Ubaya zaidi, paja lililogongwa likichuliwa kwa nguvu mapema, mwili unaweza kuanza kujenga mfupa ndani ya nyama. Mfupa kweli, unaoonekana kwenye picha ya eksirei baada ya wiki kadhaa.

Nilichotakiwa kufanya ni kukunja goti kadiri anavyoweza kuvumilia, kulifunga likiwa limekunjwa kwa bandeji ya kuvutika pamoja na barafu, na kumpeleka nyumbani. Msuli ukiwa umevutwa unajibana wenyewe, na goti halipotezi mkunjo.

Tumeandika kwenye karatasi ya manila juu ya kitanda: SAA 72 HAKUNA KUCHUA PALIPOUMIA. Unaweza kuchua mguu mwingine, mgongo, hata shingo kama mtu anataka kufarijika, ila pale pabaki. Nyongeza ya baadaye: namba 11 alikaa nje wiki tano kwa kitu ambacho kingechukua wiki mbili. Mfupa haukuota, alhamdulillahi.

Kuhusu barafu: tunatumia zile za mfuko, Sh 200, zilizofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15. Nilikuwa naamini inaponya. Kumbe hata daktari wa Marekani aliyeeneza mwaka 1978 ule utaratibu wa kupumzika, barafu, kubana na kuinua, Gabe Mirkin, mwaka 2014 mwenyewe aliandika kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Sisi tunaiweka kwa ajili ya maumivu, basi.

22 Februari: Hatua nne

Namba 8 alikanyaga shimo lililo karibu na goli la upande wa reli. Nilishika kifundo, nikakuta kimevimba kwa nje, nikasema kimeteguka. Barafu, bandeji, nenda nyumbani. Shangazi yake akampeleka kwa mzee anayevuta viungo, mzee akavuta. Siku ya tatu mguu ukawa wa bluu hadi vidoleni, wakaenda hospitali. Picha ikaonyesha ufa kwenye mfupa wa ukingo wa nje wa unyayo, pale unapotokeza kama kifungo katikati ya kisigino na kidole kidogo.

Mzee simlaumu. Mimi ndiye niliyemshika wa kwanza. Ukirudi kwenye daftari nimeandika kwa mkono wangu: "anaumia sana ukingo wa nje wa unyayo, hawezi kukanyaga." Nililisikia jibu kwa kidole na sikujua kama ni jibu.

Fizio alinitumia kanuni za Ottawa za kupima kifundo kilichoumia, zilizotoka Kanada mwaka 1992 ili kupunguza picha zisizo za lazima. Sisi tunazitumia kwa kazi ya kinyume, kujua nani lazima aende. Ukibonyeza mfupa wenyewe, pasipo kubonyeza nyama inayouzunguka, ukakuta maumivu katika mojawapo ya sehemu hizi nne, mtu anakwenda kupigwa picha: ukingo wa nyuma au ncha ya mfupa wa kifundo kwa nje, sentimita sita za mwisho, vivyo hivyo kwa ndani, ule mfupa unaotokeza kwenye ukingo wa nje wa unyayo, na mfupa mdogo ulio juu ya upinde wa unyayo kwa ndani, mbele ya kifundo. Kando na hayo, kama hawezi kutembea hatua nne, hata za kuchechemea, pale pale uwanjani na tena unapompima baadaye, anakwenda.

Nimezichora kwenye manila ya pili, na mguu wa kipa ndio uliotumika kama kielelezo, kalamu ya wino, alilalamika wiki nzima. Picha na plasta gumu vya namba 8 viligharimu Sh 85,000. Wachezaji walichanga.

Machi: Ramadhani

Mazoezi yalipungua hadi mara mbili kwa wiki, saa 10 na nusu jioni, mepesi, watu wana kiu. Kitanda nilikihamishia uani kwangu, nikawa nachua baada ya tarawehe.

Sikutegemea, lakini huu ndio mwezi niliojifunza zaidi. Usiku, mtu ameshafuturu, hana haraka, amelala uso kwenye tundu na hakuoni. Anaanza kusema. Namba 3 ana maumivu ya kisigino tangu Novemba na hakumwambia mtu kwa kuogopa kupoteza nafasi. Namba 14 anafunga tumbo la mguu kwa kitambaa ndani ya soksi. Namba 9 analala saa nne kwa siku kwa sababu anabeba magunia sokoni alfajiri, na kila akiumia ni siku ya pili baada ya meli ya mzigo. Hakuna hata mmoja angeniambia haya pembeni ya uwanja. Wavuvi wetu wanajua chambo hakishibishi samaki, kinamleta tu. Nilianza kuona mikono yangu hivyo.

Kisigino cha namba 3 sikukisugua. Nilimpa zoezi la ngazi: unasimama kwa vidole ukingoni mwa kidaraja, unashuka polepole kwa mguu mmoja unaouma, unapanda kwa kutumia mwingine. Seti tatu za mara 15 goti likiwa limenyooka, tatu goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Ni mara 180 kwa siku. Alidhani nimemtania.

Jambo la kuandikwa kwa herufi kubwa: usiku mmoja alikuja shabiki wetu, mtu mzima, ametoka Mwanza kwa basi. Kigimbi kimoja kimevimba, kina joto, kinauma. Alitaka kuchuliwa. Mguu mmoja tu, umevimba baada ya safari ndefu ya kukaa, hakuna alipojigonga. Nilikataa, akakasirika, nikampakia kwenye bajaji usiku ule ule kwenda hospitali. Ilikuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukichua kitu kama hicho unaweza kuking'oa kikasafiri hadi kwenye mapafu. Alirudi baada ya wiki na mkungu wa ndizi.

12 Aprili: Kupasha, na aibu ya tatu bila

Kama mikono inaleta watu, wakishaletwa wapewe nini? Fizio alinipa programu ya kupasha misuli moto ya FIFA 11+, iliyopo tangu 2006, ya bure, mazoezi 15 kwa dakika kama 20. Inaanza na kukimbia taratibu kwa dakika nane, kisha dakika kumi za nguvu, kuruka na usawa, kisha mbili za mbio kali. Ilipimwa Norway kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakatoka 2008: waliofanya walipata majeraha mazito karibu nusu ya wenzao. Hakuna kifaa kinachohitajika zaidi ya mpira na koni, na koni zetu ni chupa za maji zenye mchanga.

Wiki ya kwanza ilishindikana kabisa. Nusu ya timu inafika dakika 15 baada ya muda, wanakuta wenzao wamelala kwenye nyasi wanafanya daraja la ubavu, wanacheka, wanachukua mpira na kwenda kupiga golini. Dawa tuliyoipata ni ya kitoto na inafanya kazi: mipira yote inakaa kwenye gunia, gunia liko chini ya makalio ya nahodha, halifunguliwi mpaka zoezi la kumi na tano.

Kosa langu lilikuwa kwenye zoezi la Nordic. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo kwa nyuma, anajiachia kwenda mbele mwili umenyooka kuanzia magotini hadi mabegani, anajizuia kwa nyama za nyuma ya paja mpaka ashindwe, ndipo anajipokea kwa viganja. Ni jaribio kubwa la Denmark, wachezaji 942, lililochapishwa 2011, lililonitia kiherehere: majeraha mapya ya nyama za paja yalipungua kwa takriban asilimia 60, ya kujitonesha kwa takriban 85. Nikamwona namba 7 mbele ya macho. Alhamisi nikawapa wote seti tatu za mara kumi.

Jumamosi wachezaji sita hawakuweza kushuka ngazi. Tulifungwa tatu bila, na la tatu beki wetu alilitazama likipita kwa sababu kugeuka kulimuuma. Kocha hakunisemesha hadi Jumatatu.

Inavyotakiwa: wiki ya kwanza siku moja tu, seti mbili za mara tano. Ya pili siku mbili, seti mbili za sita. Ya tatu siku tatu, seti tatu za sita hadi nane. Ya nne seti tatu za nane hadi kumi. Kuanzia ya tano hadi ya kumi, 12, 10 na 8. Tulianza upya kwa adabu. Magoti yanawekwa juu ya vipande vya ile sponji laini, nimempa paka fidia.

Wale sita niliwachua wote Jumapili. Walisema maumivu yamepungua, nawaamini. Fizio aliniambia wataalamu wa Sheffield, Uingereza, walikusanya mwaka 2020 tafiti 29 kuhusu kuchua: maumivu ya siku ya pili yanapungua kidogo, unyumbufu unaongezeka kidogo, lakini kasi, nguvu na kuruka havibadiliki. Nilisikia hilo nikiwa nimesimama kando ya kitanda cha 203,000.

17 Mei: Namba 7, mara ya nne

Aliumia tena mwishoni mwa Machi, kabla Nordic haijaanza. Safari hii nilimtunza vizuri: saa 72 bila kugusa, kutembea mapema, mazoezi mepesi. Wiki ya tatu nikaanza kumchua kwa siku kupishana. Kila mara nilikuta ule mkazo, kama kamba ndani ya nyama, umepungua. Jumatano ya wiki ya sita sikuukuta kabisa. Paja lilikuwa laini kama la mtoto. Nikamwambia kocha yuko tayari.

Dakika ya 20, mbio ya kwanza ya kweli, akashika nyuma ya paja.

Nimeandika mstari huu kwenye daftari mara tatu na kuufuta. Mkono wangu ulisema kweli: msuli umelainika. Mimi nikasikia: msuli una nguvu. Ni vitu viwili. Msuli uliokaa bila kufanya kazi kwa wiki sita unakuwa laini pia. Na ule ulaini niliuleta mimi mwenyewe kwa kuuchua usiku uliotangulia, halafu nikaupima.

Sasa kuna masharti, na kitanda hakimo. Kubonyeza kusiume. Mguu ulionyooka unyanyuke sawa na mwenzake ukilala chali. Daraja la mguu mmoja, kisigino juu ya benchi, mara 20 kila upande, pande zote sawa. Kisha mbio sita za mita 40 kwa kasi yake yote, kwenye siku mbili tofauti za mazoezi, na zile mbio anaziona kocha, mimi nageuka nyuma. Sharti la mwisho ni la namba 7 mwenyewe: aliomba asichuliwe siku mbili kabla ya kipimo. Alifikiri yeye, mimi nikaandika.

Nyongeza ya baadaye: alirudi tarehe 5 Julai na bado yuko.

31 Mei: Matope na plasta

Masika imegeuza uwanja kuwa shamba la mpunga. Vifundo viwili ndani ya wiki mbili.

Plasta ya michezo ni ghali, roli moja Sh 9,000 na inafunga vifundo viwili tu. Nilijaribu utepe wa fundi wa umeme. Usijaribu. Haushiki jasho, na ukishika unang'oa malaika na ngozi pamoja. Tulichokubaliana: plasta ni kwa aliyeteguka ndani ya mwaka mmoja tu, na hao ni watano. Wawili kati yao tumewapatia vifunga kifundo vya kamba kutoka mitumba, Sh 4,000 kila kimoja, muuzaji alidhani ni vya watoto wenye polio.

Walioteguka wote wanasimama kwa mguu mmoja juu ya gunia lililojazwa mchanga nusu, dakika mbili kila mguu, huku wakirushiana mpira. Wiki ya pili macho yamefumbwa. Ni zoezi pekee wanaloliomba wenyewe kwa sababu wanawekeana dau la soda.

30 Agosti: Hesabu

Kuanzia Januari hadi 12 Aprili, kabla ya kupasha vizuri, daftari lina majeraha 8. Kuanzia hapo hadi leo, miezi minne na nusu, yako 6. Msimu wa mwaka jana, muda unaokaribiana na huo, tulikumbuka 14. Nyama za paja zilikuwa 5, sasa ni 1, na hiyo moja ya namba 7 ni yangu. Vifundo vilikuwa 4, sasa 3, vyote vya kwenye matope. Msiichukue kama utafiti. Mwaka jana tulihesabu kwa kumbukumbu, mwaka huu kwa daftari, na ratiba ya mechi haikuwa ile ile.

Pesa za mradi hadi leo: kitanda 203,000, taulo 20,000, mafuta 60,000, barafu 72,000, bandeji 18,000, plasta 54,000, sabuni na spiriti 24,000. Sh 451,000, mbali na daftari, vifunga kifundo na ile 85,000 ya namba 8. Ile 141,000 iliyozidi mchango wa kwanza ilitoka kidogo kidogo kwenye viingilio vya bonanza.

Nikipewa nafasi ya kuanza upya, kupasha kungeanza Januari na kitanda kingekuja Aprili. Ila sina hakika wangekuja kupasha kama kisingekuwapo kitanda. Kipa alifanya mazoezi yote 15 kwa mwezi mzima kwa sababu tu niliweka sharti kwamba asiyepasha hachuliwi.

Timu ya wasichana ya Makorora wanataka kunakili mradi. Nimewapa daftari walinakili, manila zote mbili, na ratiba ya Nordic yenye wiki ya kwanza nimeizungushia wino mwekundu. Kuchua nimekataa kwenda mimi. Wamemchagua dada mmoja aliyekuwa mlinda mlango wao, na anakuja kwangu Jumapili mbili akifundishwa, mamake akiwa amekaa kibarazani. Ni mfupi kuliko mimi. Fundi amempima ngumi akiwa amesimama, akapata 66, akakata miguu yote minne kwa mara moja na imetoka sawa.